Unalala kwenye gari wikendi hii? Swali la stima lisikupoteze

"Stima iko?"

"Iko kabisa."

Hilo ndilo jibu nililopewa kwa simu na msimamizi wa kambi moja kando ya Ziwa Naivasha, Ijumaa moja ya mwezi wa Julai, nami nikaamini kama mtoto. Tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu na rafiki yake. Gari lilikuwa Hiace ya mjomba, ile iliyostaafu kubeba abiria wa Kiambu ikaanza kubeba viazi. Tuling'oa viti, tukatandika godoro, tukanunua birika la stima, taa za mapambo na hita ndogo. Picha za Instagram tulikuwa tumeshazipiga kichwani kabla hata ya kutoka Nairobi.

Tulifika saa mbili usiku. Tukatozwa mia tano zaidi kwa sababu ya stima. Soketi yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye mgunga kwa kipande cha tyubu, na waya ukipita kwenye nyasi. Binamu akachomeka birika. Soketi ikatoa cheche, tukasikia harufu ya plastiki, na nusu ya kambi ikaingia giza. Msimamizi, mzee mpole sana, akaja na tochi, akaangalia ule mti, akatuambia: "Stima iko, vijana wangu. Imepotea tu kidogo."

Haikurudi hadi tulipoondoka.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kilichofuata ndicho kimenifanya niandike. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na Julai usiku hauna huruma. Gari ni bati. Bati halijui kuhifadhi joto. Ilipofika saa tano tulikuwa tunatetemeka, na pale nje kulikuwa na jiko tulilochomea nyama, makaa bado mekundu, moshi hakuna. Binamu akasema, "Si tuliingize tu? Halina moshi." Sote tukaona ni wazo la busara. Tukaliweka karibu na mlango, tukafunga madirisha ili joto lisitoroke, tukalala kama watoto wachanga.

Niliamka saa nane hivi kwa sababu ya haja ndogo. Hiyo pekee. Kichwa kilikuwa kinapiga ngoma. Nilifungua mlango, nikashuka, miguu ikakataa kazi, nikaanguka kwenye nyasi. Hewa baridi iliponipiga usoni ndipo akili ilirudi kidogo, nikaanza kuwavuta wenzangu. Binamu alitapika. Rafiki yake alichukua muda mrefu kuamka kuliko ninavyopenda kukumbuka. Yule mzee wa soketi ndiye aliyetupeleka hospitali kwa pikapu yake, na tukakaa hapo na barakoa za oksijeni hadi kukapambazuka. Mzee akakataa hata pesa ya mafuta.

Kwa hivyo nikisikia vijana wenzangu wanabishana kama ni afadhali kupiga kambi mahali penye stima au pasipo na stima, natamani kusema tu: maze, swali la kwanza ni hewa. Makaa yanayowaka bila moshi hutoa kaboni monoksidi. Huioni, huinusi. Ukiivuta, inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hivyo unapumua vizuri tu huku mwili unakosa hewa. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Dalili za mtu aliyechoka na safari, au aliyekunywa mbili tatu. Ndiyo sababu watu hawashtuki. Kila msimu wa baridi hapa Kenya tunasoma habari za familia iliyolala na jiko chumbani. Gari ni dogo kuliko chumba chochote. Na usidhani kuacha injini ikinguruma usiku kucha ndiyo dawa, kwa maana moshi wa ekzosi una gesi hiyohiyo na hupata njia ya kurudi ndani kupitia matundu usiyoyajua. Meko ya gesi nayo ni ya kupikia mlango ukiwa wazi, halafu unazima. Si hita.

Joto la usiku linatokana na blanketi. Blanketi mbili nzito, soksi, kofia, chupa ya maji moto iliyofungwa kwa fulana miguuni. Na dirisha liachwe wazi kiasi cha vidole viwili, moja huku na lingine upande wa pili, hata kama meno yanagongana. Ukifunga kabisa, asubuhi utakuta vioo vinalia maji na godoro limelowa kwa pumzi zenu wenyewe. Kipande cha neti ya mbu kwenye ule mwanya kinamaliza hoja ya mbu. Kuna pia vikengele vidogo vya betri vinavyopiga kelele vikinusa kaboni monoksidi. Binamu yangu alinunua kimoja wiki iliyofuata, kabla hata ya kununua viatu alivyokuwa akiviota.

Basi, tukubaliane hivyo, halafu tuingie kwenye stima.

Nilisoma mambo ya umeme chuoni kwa mwaka mmoja na nusu kabla karo haijanishinda, kwa hivyo cheti sina, lakini hesabu ninayo. Na hesabu inasema hivi: wengi wetu hatuhitaji soketi ya kambi kama tunavyodhani. Shida yetu ni kwamba tumejifunza kulala kwenye magari kwa kutazama video za Wamarekani. Kule kuna viwanja ambapo kila gari lina nguzo yake: soketi nzito, bomba la maji na shimo la kumwaga majitaka, vyote hatua mbili kutoka mlangoni. Ndiyo maana magari yao yana mikrowevu na kiyoyozi. Na wale wa kule wanaolala bila hivyo vyote wana ardhi kubwa ya serikali ambapo kwa kawaida mtu anaweza kukaa hata siku 14 bila kulipa. Sisi hatuna nguzo hizo, na ukiegesha popote tu Kenya hii, saa sita usiku utagongewa dirisha na askari, au mwenye shamba, au mtu ambaye ni afadhali angekuwa askari. Kuiga vifaa vyao bila kuwa na nguzo yao ndiko kunatufanya tufunge soketi kwenye miti.

Hebu tuhesabu. Simu moja kuijaza inakula kama wati-saa 15 hadi 20. Laptopu, kama 60. Taa ya LED ya wati 5 ukiiwasha saa tano, 25. Watu wawili kwa usiku mmoja wanaweza kuishi vizuri kabisa kwa wati-saa 150. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ikiwa ni ile ya kawaida ya risasi na asidi, usiitumie chini ya nusu, utaiua mapema, kwa hivyo hesabu 600. Hizo ni siku nne bila jua na bila kumwomba mtu chochote. Ongeza paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa, ambayo kwa jua letu itakupa kama wati-saa 300 au 400 siku nzuri, na sasa unaweza hata kufikiria friji ndogo ya volti 12.

Tatizo ni birika. Birika la wati 2,000 linachemsha maji kwa dakika nne hivi, na stima linayokula kwa jumla si nyingi. Lakini linaitaka yote kwa mkupuo. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni zaidi ya ampea 160 kupitia nyaya zako, na ile inverta ya wati 300 uliyonunua kwa bei ya kutupa itazima, au iungue. Kitu chochote chenye kazi ya kupasha joto, iwe birika, pasi, hita au mashine ya kunyoosha nywele, kiache nyumbani. Maji chemsha kwa meko. Inashangaza jinsi maisha ya garini yanavyokuwa mepesi mtu akiachana na birika.

Na tafadhali, hiyo betri ya pili isiwe ile ya kuwashia gari. Tulifanya hivyo pia, safari yetu ya pili, karibu na Elementaita. Muziki usiku kucha, asubuhi gari kimya. Tulisukuma Hiace kwenye mchanga mbele ya wazee waliokuwa wakinywa chai, na mmoja akatuuliza kama hiyo ndiyo starehe tuliyoifuata kutoka Nairobi. Weka betri ya pembeni, weka fyuzi karibu kabisa na betri kwenye waya chanya, na uifunge isitembee. Betri ya gari ikigusanisha nyaya zake haitoi onyo. Inawasha moto.

Je, ukifika mahali stima iko kweli? Sawa, itumie, mimi si mtawa. Ila iangalie kwanza. Nenda mchana. Ukifika saa mbili usiku kama sisi, umeshakubali kila kitu gizani. Soketi iwe na kifuniko, iwe juu ya ardhi, isiwe na weusi wa kuungua. Kuna plagi ndogo ya kupimia yenye vitaa vitatu, fundi yeyote anaijua, inakuonyesha kama waya wa ardhini umeunganishwa au ni mapambo tu. Waya huo ukikosekana na kifaa chako kikavujisha stima, bodi nzima ya gari inaweza kuwa na umeme. Ndani utakuwa salama salimini. Siku utakapokanyaga nyasi zenye umande huku umeshika mlango ndiyo utajua.

Waya wa ekstensheni wa kuzungushwa kwenye gurudumu ufungue wote hata kama unahitaji mita tatu tu. Ukiacha umejikunja na kuupa mzigo mkubwa, unajipika wenyewe ndani kwa ndani. Usiupitishe chini ya gurudumu la gari, na maungio yasilale kwenye maji. Na kama ulinunua kifaa kutoka Marekani mtandaoni, soma maandishi madogo nyuma. Kikiandikwa 100 hadi 240, sawa. Kikiandikwa 120 pekee, stima yetu ya volti 240 itakipa maisha mafupi sana.

Maji, choo na wanyama nitavipitia haraka, kwa sababu mama yako alikufundisha nusu ya hayo. Mtungi wa lita 20 unawatosha watu wawili kwa siku mbili mkiwa na adabu na kuoga kwa kitambaa. Maji ya bomba la kambi si lazima yawe ya kunywa, uliza, na ujibiwe na mtu anayeyanywa. Takataka zote zirudi na wewe. Kando ya Ziwa Naivasha viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na kile kiuzio cha stima unachokiona mbele ya kambi si cha kuzuia wezi. Ukisimama kati ya kiboko na maji, hautapata nafasi ya kueleza kwamba ulikuwa unatafuta netiweki. Nyani nao wanajua kufungua mlango wa gari usiofungwa kwa ufunguo. Nimewaona. Walikula mkate wote na kuacha kachumbari.

Sasa nifike kwenye kinachonikera, kwa sababu hii ni safu ya maoni, si mwongozo wa fundi.

Chini kidogo ya hapo Naivasha, ndani na kando ya Hell's Gate, kuna Olkaria. Tangu mwaka 1981 ardhi ile inatoa mvuke unaozungusha mitambo ya umeme. Ukiendesha baiskeli pale utaona mabomba makubwa ya fedha yakikatiza bondeni, pundamilia wakila nyasi chini yake. Sehemu kubwa sana ya stima ya nchi hii inatokana na mvuke wa Bonde la Ufa. Halafu unaegesha gari kwenye kambi za hifadhi, Ol Dubai au Naiburta, unapewa kiwanja na mandhari, basi. Usiku unaona mwanga wa mitambo ukipaka mawingu rangi ya chungwa huku unawasha simu kwa pawabenki.

Sisemi Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liweke soketi kwenye kila mti. Mungu apishie mbali. Giza la Hell's Gate ni mali. Nyota unazoziona pale huzioni Kasarani. Kambi isiyo na stima ni huduma halali kabisa, na mimi binafsi ndiyo ninayoipenda. Ninachotaka ni ukweli kabla sijalipa. Hifadhi za kitaifa tunalipia kwa eCitizen, kila kitu kwa simu. Basi kwenye ukurasa huohuo niandikieni: maji yapo ya kunywa au ya kuosha tu, choo ni cha aina gani, soketi zipo au hazipo, mlinzi yupo usiku au anaondoka saa kumi na mbili. Mistari minne. Wenye kambi binafsi nao vilevile. Kama unatoza mia tano ya stima, hiyo ni bidhaa umeuza. Anayeuza mandazi mabovu hasemi mandazi "yamepotea kidogo."

Na kuna watu ambao huu ukweli unawagusa kuliko mimi. Dada mmoja ninayemfahamu hulala peke yake kwenye Noah yake, anapiga picha za ndege. Aliniambia swali lake la kwanza huwa ni la mlango wa choo. Uko mita ngapi kutoka pale anapoegesha, na kuna taa njiani? Taa moja ya sola ya elfu mbili au tatu, pale chooni, ingemfaa kuliko soketi kumi kwenye miti. Mara mbili ameondoka kambi usiku, akalala kwenye kituo cha mafuta chini ya taa nyeupe, kwa sababu choo kilikuwa mbali na kambi ilikuwa na wageni wanaume pekee. Hakuna aliyemfanyia chochote. Hakusubiri kujua kama watamfanyia.

Kaunti za Nakuru, Kajiado, Laikipia na Kilifi, mnatuambia kila mwaka mnataka utalii wa ndani. Sisi ndio hao. Hatuna pesa za hoteli ya elfu ishirini kwa usiku, lakini tuna ya mafuta, ya nyama, ya mamamboga wa pale sokoni na ya kumlipa mlinzi. Tutengeeni kiwanja kimoja kilichozungushiwa ua, choo chenye taa, bomba la maji na askari anayelala hapo. Stima mkiweza wekeni, nguzo mbili tatu zilizofanywa na fundi mwenye leseni, na bango la mlangoni limwambie kila mgeni kwamba jiko haliingii garini. Hilo bango lingegharimu kiasi gani? Kule tulikolala Julai ile halikuwepo, na hata baada ya sisi kubebwa kwa pikapu sijui kama lilikuja kuwekwa. Nilimpigia yule mzee mwezi uliofuata kumshukuru. Akafurahi, akaniuliza habari za wenzangu, kisha akasema soketi imetengenezwa, turudi. Nikamuuliza kama bado iko kwenye mti. Akacheka.

Ijumaa hii tunaelekea Magadi. Kule chini ni joto, hakuna atakayewaza jiko, shida itakuwa feni. Nimeipima: wati 15, saa nane, hiyo ni 120. Betri inatosha. Binamu anakuja na kikengele chake, kimefungwa ukutani pale tunapolaza vichwa, ingawa nimemwambia mara tatu kwamba Magadi hatutawasha kitu ndani. Anasema kinakaa hapo hapo.